Saizi ya Injekta, au Mtiririko Wake?

Mwenye Subaru ya tabo anayetaka kuiongezea nguvu, awe wa Nyeri mjini, Karatina au Gakindu, huambiwa atafute vitu vitatu: pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, mtu wa kurekebisha kompyuta ya gari, na injekta, yaani vifaa vya kunyunyizia injini mafuta, za saizi kubwa. Katika hivyo vitatu, neno lenye mtego ni saizi. Anayelisikia hufikiria umbo, urefu au upana wa tundu, kumbe injekta mbili zinaweza kufanana kwa umbo, kwa soketi ya waya na kwa raba zake, huku moja ikipitisha mafuta mara mbili ya mwenzake. Kinachozitofautisha ni kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika moja zikiwa wazi muda wote, chini ya shinikizo lililotajwa, mara nyingi bar 3. Kwa hiyo istilahi inayostahili kutumika ni mtiririko wa injekta, na mafuta ya ethanoli ndiyo yanayoonyesha wazi jinsi neno saizi linavyompotosha mnunuzi.

Jina la kifaa chenyewe halihitaji ugomvi. Kinyunyizi kinaeleweka, lakini kinamkumbusha msomaji shamba la mboga. Sindano ingefaa, maana ndani ya injekta nyingi mna sindano kweli, inayoinuliwa na sumaku-umeme ili mafuta yapite. Ila neno hilo limeshachukuliwa na hospitali. Nozo nalo mafundi wameliachia dizeli. Basi injekta ibaki injekta, na kazi yetu iwe kutaja sawasawa kipimo chake.

Tuchukue injini ya silinda nne yenye tabo, inayolengwa kutoa nguvu farasi 300. Injini ya namna hiyo ikisukumwa hadi mwisho hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu farasi kwa saa. Hizo ni kilo 81 kwa saa, sawa na lita 1.8 hivi kwa dakika, na kila injekta inadaiwa kama mililita 450. Lakini injekta haifai kupangiwa kubaki wazi muda wote. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko kamili wa kazi wa silinda moja huchukua milisekunde 20 tu, na ndani ya muda huo sindano lazima iinuke, ikae na irudi. Desturi ni kuishia asilimia 80, yaani milisekunde 16. Ukigawa 450 kwa 0.8 unapata karibu mililita 570 kwa dakika. Nambari hiyo imezaliwa na nguvu inayotakiwa, idadi ya silinda, muda wa kufunguka na shinikizo. Kiguse kimojawapo na jibu linabadilika: ukipandisha shinikizo kutoka bar 3 hadi 4, injekta ileile hupitisha takriban asilimia 15 zaidi, kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo. Umbo halijabadilika hata kidogo.

Ethanoli hugusa upande mwingine wa hesabu. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Ethanoli tupu huhitaji 9 tu, na mchanganyiko wa asilimia 85 ya ethanoli huhitaji 9.8 hivi. Silinda ikishavuta hewa yake, hewa ileile sasa inadai mafuta mengi zaidi, takriban asilimia 40 kwa ujazo. Injekta ya mililita 570 iliyotosha kwa petroli haitoshi tena. Inatakiwa ya karibu 800. Wenye injini za nguvu nyingi huvumilia gharama hiyo kwa sababu ethanoli hustahimili mgandamizo bila kugonga, na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia. Hapa ndipo saizi inapokwama kabisa: injekta ni ileile, imekuwa ndogo bila kuguswa na mtu. Ukisema mtiririko, swali la mafuta gani na shinikizo gani linakuja lenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni kununua kubwa kupita kiasi na kuacha hesabu. Hoja hiyo haisimami gari likiwa linaunguruma tu bila kwenda. Sindano huchukua takriban milisekunde moja kufunguka kabla mafuta hayajapita vizuri, na muda huo hurefuka betri ikiwa dhaifu. Injekta yenye mtiririko mkubwa ikitumia petroli hudaiwa kufunguka kwa kitambo kifupi sana, na kosa dogo la muda huwa sehemu kubwa ya mafuta yote. Injini hutikisika, plagi huingia masizi, na petroli hupotea kwenye foleni. Zaidi ya hapo, kompyuta isiyoelezwa mtiririko mpya hukadiria kwa ule wa zamani na kumimina kupita kiasi.

Wengine watauliza ethanoli inahusu nini pande za Mlima Kenya, ambako pampu za mafuta huuza petroli na dizeli. Inahusu. Katika miaka ya 1980 Kenya iliuza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli iliyotengenezwa kwa molasi kule Muhoroni, na wazo hilo limerudi zaidi ya mara moja tangu hapo. Kwa kiwango hicho hewa inayohitajika hushuka kutoka 14.7 hadi 14.1 tu, tofauti ambayo kompyuta yenye kihisi cha oksijeni hurekebisha bila kubadilishiwa injekta. Anayejua mtiririko hataogopa asilimia 10, wala hatajidanganya kwamba asilimia 85 ni jambo dogo. Mwinuko nao una sauti yake. Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 16. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kidogo na hivyo kudai mafuta kidogo. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo mtiririko wake usipunguzwe kwa kisingizio cha mlima. Na asubuhi za baridi za Julai, ethanoli nyingi huwa nzito kugeuka mvuke, na kuwasha gari huwa kazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mafundi wamezoea saizi na wanaelewana. Kati yao, kweli. Lakini injekta za Japani kwa kawaida hutajwa kwa mililita kwa dakika na za Marekani kwa pauni kwa saa, ambapo pauni moja ya petroli ni kama mililita 10.5 kwa dakika. Mnunuzi akiambiwa saizi 55, hajui kama ameuziwa ujazo au uzito, wala kwa shinikizo gani. Risiti na iandike hivi: mtiririko mililita 570 kwa dakika, bar 3, umepimwa kwa petroli. Maneno hayo machache yanamwezesha fundi mwingine kupiga hesabu upya mafuta yakibadilika, jambo ambalo saizi haikuwahi kumwezesha.