Fangasi ya Ubongo

Mkazi wa Mwanza akisikia neno fangasi, fikra zake huenda kwenye vidole vya miguu, mapunye ya mtoto wa shule au mwasho wa sehemu za siri, yaani mambo ya tyubu ya kupaka kutoka duka la dawa. Akisikia kuvu, hufikiria mkate uliolala au mahindi yaliyonyeshewa kabla ya kukauka. Katika biolojia maneno hayo mawili yanataja kundi lilelile la viumbe wasio mimea wala wanyama, kuanzia uyoga hadi hamira. Midomoni mwa watu yamegawana kazi: kuvu limekaa kwenye chakula, fangasi limekaa kwenye ngozi. Ugonjwa wa kuvu ulio miongoni mwa wauaji wakubwa wa watu wenye VVU haukupata lolote kati ya hayo. Kwa kawaida huingizwa tu chini ya jina la jumla, homa ya uti wa mgongo. Naona kwamba jina hilo linawagharimu wagonjwa, na kwamba elimu ya afya kandokando ya Ziwa Victoria ingeanza vizuri zaidi kama ingeuita ugonjwa huu fangasi ya ubongo.

Jina lake la kitabibu ni meninjitisi ya kriptokokasi. Kuvu wake huishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na chembe zake huingia mapafuni kwa pumzi. Mwili wenye kinga imara huzidhibiti. Kinga ikiporomoka, hupenya kwenye damu hadi kwenye tando zinazofunika ubongo. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu 19 wanaohitaji kushughulikiwa kwa haraka, huyu aliwekwa katika kundi la juu kabisa. Makadirio ya mwaka 2020 yanataja wagonjwa wapatao 152,000 duniani na vifo 112,000, karibu moja ya tano ya vifo vyote vitokanavyo na UKIMWI, vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Sasa tulipime jina la homa ya uti wa mgongo kwa dalili. Homa inaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa. Kinachomtesa mgonjwa ni kichwa kinachouma kwa majuma, kutapika, macho kuona maluweluwe, kisha kuchanganyikiwa. Neno la kwanza linamfanya asubiri joto ambalo huenda lisije, na maneno yanayofuata yanaelekeza mawazo yake mgongoni ilhali maumivu yako kichwani. Hata tiba inaumizwa. Daktari huchoma sindano mgongoni kwa sababu maji yaliyopo hapo ndiyo yanayozunguka ubongo, na kuyapunguza hushusha shinikizo ndani ya fuvu. Tafiti za Uganda na Zambia zimeonyesha jinsi wagonjwa na ndugu wanavyoikataa sindano hiyo kwa hofu kwamba ndiyo inayopoozesha au kuua. Muuguzi anayeweza kusema kwamba maji yanatolewa ili kichwa kipumue anahitaji jina linalotaja kichwa.

Haya yasingekuwa na uzito kama kungekuwa hakuna la kufanya mapema. Lipo. Vipande vya kuvu huonekana kwenye damu majuma kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na kipimo cha kijiti huvigundua kwa tone la damu ya kidole. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Hospitali ya Bugando uliowapima watu wazima wenye VVU waliolazwa, bila kungoja dalili. Mwaka 2015 ukafuata utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka: pale kipimo hicho kilipoambatana na kuwatembelea wagonjwa nyumbani katika majuma ya mwanzo ya dawa za VVU, vifo vilipungua kwa asilimia 28. Lakini kipimo humfikia aliyefika kliniki. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, hupumzika mbalamwezi, na huhama kambi kufuata samaki; tarehe ya kliniki yake ya VVU (CTC) Sengerema inaweza kumkuta Ukerewe. Jamii za wavuvi wa ziwa hili zimebeba mzigo wa VVU uliozidi wa majirani zao wa bara, na anayekatiza dawa ndiye kinga yake hushuka hadi mahali ambapo kuvu huyu hupata nafasi. Mtu huyo anahitaji jina atakaloweza kubeba hadi kambini na kumweleza mwenzake mtumbwini.

Wapo watakaosema fangasi ni neno jepesi mno, kwamba litamrudisha mgonjwa kwenye tyubu ya dukani. Lakini Kiswahili kimeshapita njia hii. Kifua ni neno la kila mafua, na bado kifua kikuu hakuna anayekidharau. Kilichotiwa nyuma ya neno la kawaida ndicho kilichobeba uzito. Mwingine atauliza kwa nini tusitumie kuvu, ambalo ni la Kiswahili zaidi na limeshazaa sumukuvu. Sumukuvu ni istilahi bora: mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yalipowafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 wakafariki, neno lenyewe lilitosha kueleza chanzo. Hata hivyo linafanya kazi ghalani. Kwenye mwili wa mtu, mgonjwa na muuza dawa husema fangasi, na hapo ndipo tunapomtafuta. Kuvu libaki jina la kiumbe, fangasi liwe jina la ugonjwa.

Pingamizi zito zaidi ni la hofu: mwenye fangasi miguuni ataamini inapanda taratibu kuelekea kichwani. Hatari hiyo ni ya kweli, na jina peke yake haliiondoi. Kila tangazo, iwe redioni au katika soko la samaki la Mwaloni, lazima liseme kwamba kuvu huyu ni mwingine, huingia kwa pumzi, wala haambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa au kulala naye chumba kimoja. Maelezo hayo yangehitajika hata chini ya jina la sasa, ambalo kwa kuwachanganya wagonjwa hawa na wale wa bakteria huwafanya ndugu waogope kumsogelea mtu anayehitaji kushikwa mkono na kupelekwa hospitali.