Zeinep

Zeinep (kwa herufi za Kisirili Зейнеп) ni jina la kike la Wakazaki lenye asili ya Kiarabu. Ni jina lilelile ambalo Waswahili huliita Zainabu. Kamusi za kale za Kiarabu hutaja zaynab kuwa mti wa umbo zuri unaonukia. Majumbani hupendwa maelezo mengine, yanayoligawa jina kuwa zayn (pambo) na ab (baba), yaani pambo la babake. Tafsiri ya mti ina mizizi imara zaidi.

Hata hivyo, jina halikuenea kwa sababu ya mti. Lilienea kwa heshima ya nyumba ya Mtume: binti yake, wake zake wawili, na mjukuu wake Zaynab bint Ali. Huyu mjukuu alishuhudia msiba wa Karbala mwaka 680, alipouawa kaka yake Hussein. Akachukuliwa mateka hadi Damascus, na huko akasimama mbele ya khalifa Yazid akamkemea barazani mwake. Ujasiri huo unastahili kukumbukwa kila jina hili linapotajwa.

Kikazaki hakipendi b mwishoni mwa neno, basi ikawa p. Irabu nazo zikapatana, kama katika Zeynep ya Kituruki. Kiswahili kiliongeza u mwishoni, sawa na Rajabu na Ayubu. Wagujarati walisema Jenabai. Kwa Wakazaki wa leo jina hili linafahamika kupitia mwandishi Zeinep Akhmetova, mkwe wa shujaa wa vita Bauyrzhan Momyshuly, aliyeandika kumbukumbu za baba mkwe wake.

Mbali na Wakazaki, huko Thornhill, kaskazini mwa Toronto, jina linaishi miongoni mwa Makhoja Ithnaasheri, Waislamu wa Kishia wa jadi ya Kigujarati waliotoka Afrika Mashariki. Kuna waliong'oka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, waliohama Tanzania Bara baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Katika Kituo cha Jaffari, barabara ya Bathurst, Muharram huadhimishwa kwa majlisi, na Bibi Zainab ana nafasi yake katika masimulizi ya Karbala. Kizazi cha Jenabai kimepisha Zainab, Zaynab na Zainub, kila familia ikichagua tahajia yake. Zote ni sahihi, maana herufi za Kilatini hazina njia moja tu ya kuandika sauti za Kiarabu.