Simba wa Tsavo na Miwani ya Karatasi

Msomaji, ukisimama juu ya mchanga wa Shelly Beach, Likoni, ukaelekeza macho kaskazini, utaona meli zikiingia katika mlango wa bandari ya Kilindini. Vyuma na mashine za reli ya Uganda, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1896, vilipita katika mlango huo. Vibarua waliletwa Mombasa kwa maelfu kutoka Bara Hindi. Hapo ndipo penye shina la hadithi yetu. Ni hadithi ya ajabu, maana ilianza kwa vilio ikaishia kwa vicheko.

Mwaka 1898 reli ilifika mto Tsavo, yapata maili 130 kutoka Mombasa, na mhandisi J. H. Patterson akapewa kazi ya kujenga daraja. Simba wawili, madume wasio na manyoya ya shingoni, wakaanza kuingia makambini usiku na kuwakokota watu kutoka mahemani. Mmoja aliyeuawa alikuwa jemadari Ungan Singh, mtu mwenye nguvu nyingi. Boma za miiba hazikufaa kitu, wala mioto. Mwezi wa Desemba vibarua wengi walijitupa juu ya reli ili gari la moshi lisimame, wakalipanda wakakimbilia Mombasa. Kazi ikalala kwa muda wa majuma matatu hivi. Patterson alimpiga simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29.

Miaka 54 ikapita. Mwaka 1952 Arch Oboler, mtengenezaji wa sinema wa Marekani, aliifanya habari hiyo kuwa filamu ya gharama ndogo iitwayo Bwana Devil, iliyopigwa zaidi katika vilima vya California. Watazamaji walipewa miwani yenye fremu za karatasi, ili picha zionekane kama zinatoka katika kiwambo. Matangazo yaliwaahidi kuwa simba atawarukia mapajani. Wahakiki waliicheka filamu hiyo, walakini watu walipanga safu barabarani kuitazama. Matajiri wa sinema walipoona fedha zinavyomiminika, nao wakaharakia ufundi huo. Na mwaka 1954 Wamarekani wakaletewa jitu la ziwani, ambalo kwa kweli lilikuwa mtu aliyevaa vazi la mpira.

Pengine utauliza: mtu mwenye akili timamu hupata raha gani kutishwa na mpira na karatasi? Usiwacheke upesi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na raha iyo hiyo bila kiwambo. Katika ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapwa katika kitabu cha Edward Steere mwaka 1870, yumo Nunda, paka aliyekula ndama, mbuzi, kisha watu, na sultani akimtetea kila siku kwa kuwa ni paka wake, mpaka alipowaua wanawe mwenyewe. Mwana mdogo akaenda kumtafuta. Akaua mbwa, fungo, punda milia, twiga, hata ndovu. Na kila mara akamburura mnyama kwa mama yake akidhani ndiye Nunda, naye mama akamwambia kuwa siye. Msikilizaji hucheka, na huku anatetemeka. Hofu ambayo mtu anaweza kuicheka hofu hiyo amekwisha kuitia kamba shingoni. Ndiyo maana jitu baya la mpira hupendeza kuliko jitu lililotengenezwa vizuri: ukiuona mshono wa vazi lake, umelishinda.

Lakini kicheko kina deni lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 Patterson aliwahesabu vibarua wa Kihindi 28 walioliwa; ama Waafrika, alisema ni wengi, lakini serikali haikuweka hesabu yao. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima nywele na mifupa ya simba hao walikadiria kuwa watu walioliwa ni 35 hivi. Ngozi za simba, zilizokuwa mazulia ya Patterson kwa miaka 25, ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000, zikajazwa na kusimamishwa watu wazitazame. Basi simba walipewa jumba na filamu. Wengi wa waliowaliwa hawakupewa hata mstari mmoja katika daftari.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona sinema ya dubwana la kuchekesha, cheka, maana kucheka si dhambi. Kisha uvue miwani ya karatasi, uulize: dubwana hili lilitoka wapi, na nani aliyelia kabla sisi hatujacheka? Mwanafunzi wa historia hujulikana kwa swali hilo. Sultani wa ngano hakuuliza habari za ndama wala za watoto wa wenzake, na alipokuja kuuliza, Nunda alikuwa amekwisha kufika nyumbani kwake.