Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini: Historia Fupi

Kanisa Kuu la Kristo, lililoko Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, limesimama juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, wakati Sultani Barghash bin Said, akiwa ameshinikizwa na Uingereza, alipotia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kwa sababu hiyo historia yake haiwezi kuwa historia ya jengo tu, bali ni pia ya watu waliouzwa hapo kabla msingi haujachimbwa, ambao wengi wao hawakuacha jina wala kaburi linalojulikana.

Wajenzi wake walikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, chama cha Waanglikana kilichozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Jaribio lao la kwanza, karibu na Mto Shire, lilivunjwa na homa na vita, na mwaka 1864 Askofu William Tozer, akifuatana na Edward Steere, akahamishia makao Unguja. Soko lilipofungwa, sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na padri wa misheni, Arthur West, na nyingine ikatolewa zawadi na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo wa 1873.

Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi yeye mwenyewe. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na paa likafanywa tao moja refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, lisilobebwa na boriti hata moja, jambo ambalo kwa zama zile lilikuwa la ujasiri mkubwa. Mtu huyohuyo alikuwa akikusanya hadithi za Waswahili, akiandika sarufi yao na kutafsiri Maandiko, na haifai kuzitenganisha kazi hizo, kwa kuwa kanisa alilolijenga lilikusudiwa kusali kwa Kiswahili.

Alifariki Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare, yaani meza inayoadhimishiwa ushirika mtakatifu. Mbele ya altare hiyo, duara la marumaru sakafuni huonyesha mahali ambapo, kwa mujibu wa mapokeo, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Karibu na hapo umetundikwa msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vya nyumba jirani ya misheni huonyeshwa wageni kuwa vilikuwa mahabusu ya watumwa, lakini wanahistoria kadhaa wanalitilia shaka dai hilo, kwa kuwa nyumba yenyewe ilijengwa baada ya soko kufungwa. Na mateso ya mahali hapo ni ya hakika kiasi kwamba hayahitaji kuongezewa ushahidi wenye mashaka. Ukumbusho ulio wazi zaidi uko nje, katika shimo ambamo msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, alisimamisha mwishoni mwa miaka ya 1990 sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni.

Anayetaka kuyaona makaburi ya waliokombolewa hana budi kwenda Mbweni, kusini mwa mji, kwenye shamba lililonunuliwa na misheni mwaka 1871 na kugeuzwa kijiji cha watu waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililokamilika mwaka 1882, wanakijiji walizikwa pamoja na walimu wao, miongoni mwao Caroline Thackeray, aliyeanza kufundisha wasichana huko mwaka 1877 na kufariki mwaka 1926. Hapo Mbweni ndipo alipohudumu pia Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa na misheni baada ya kukombolewa, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni hiyo, kisha akaendelea na kazi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao wenzake.