Kitambulisho cha Mwandishi na Mvuvi wa Katonga

Mwaka 1958 mkoloni aliwafunga wahariri wa gazeti la Mwafrika, na Mwalimu Nyerere akatozwa faini kwa makala ya Sauti ya TANU. Waandishi wetu walikuwa nje ya mlango wa Serikali, lakini ndani ya umma.

Baada ya Uhuru tuliingia ndani. Sheria ya mwaka 2016 ikaweka Bodi ya Ithibati. Hata hivyo, Agosti 2021 Serikali ililifungia Uhuru, gazeti la Chama chenyewe, siku 14 kwa habari iliyosema ni ya uongo.

Fundisho ni hili: kitambulisho hufungua mlango, hakithibitishi ukweli. Mwandishi wa Chama anayepeleka kauli ya waziri mwaloni Katonga, Kigoma, asirudi na swali la mvuvi wa dagaa, si kada. Ni tarishi.