Shaba Mdomoni

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, watu hawanunui jiwe kwa sababu linang'aa. Linapelekwa karasha, linasagwa, linachenjuliwa, ndipo bei inatajwa. Mjomba wangu, anayepuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya matarumbeta huko, ananiomba nimtafutie Dar es Salaam mausipisi ya metali, kile kipande kinachoingia kinywani na kushika ridi. Fedha atakayoitoa ni ya kuzunguka harusi nyingi juani. Kwa kuwa nasomea historia, nimeona nianze kwa kuuliza sifa ya metali ilitoka wapi.

Haikutoka kwa aliyeibuni saksafoni. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji, alipata hataza yake Paris mwaka 1846, na mausipisi zake zilikuwa za mti, zenye chumba kipana cha mviringo ndani. Zilitoa sauti nene na laini. Baadaye ikaja eboniti, yaani mpira uliopashwa joto pamoja na salfa ukawa mgumu, na mpaka leo wapiga alto wengi wanaitumia hiyo. Metali ilipata jina Marekani kuanzia miaka ya 1930, wakati bendi kubwa za dansi zilipoiweka saksafoni jirani na safu za tarumbeta, trombone na ngoma. Mafundi kama Otto Link wa New York walitengeneza mausipisi za metali, na wapiga tena kama Coleman Hawkins wakazitumia. Ulikuwa ushindani wa kusikika.

Kwetu muongo huohuo Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa, mwaka 1932, na mgodi wa kikoloni wa Geita ukaanza kutoa dhahabu. Kufikia enzi ya NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na Mlimani Park ya mwaka 1978, saksafoni ilikuwa inapigwa pamoja na magitaa ya umeme, na kipaza sauti kikaichukua kazi ya kuifikisha nyuma ya ukumbi. Mpigaji wa mjini angeweza kupuliza kwa upole na bado akasikika.

Mjomba hana kipaza sauti. Bendi yake inapigia nyuma ya pikapu, ngoma kubwa ikiwa mgongoni mwake, tarumbeta sikioni, na honi za bodaboda zikishangilia bibi harusi. Ule ushindani wa miaka ya 1930 haujaisha Kharumwa. Kwa hiyo anayedhani mjomba anataka pambo tu, hajawahi kupanda hiyo pikapu.

Lakini je, metali yenyewe ndiyo inayopaza? Mwaka 1964 mwanafizikia John Backus alichapisha vipimo alivyovifanya kwenye klarineti, akaonyesha kuwa kuta za chombo hazichangii sauti kwa kiasi cha kusikika. Kinachotoa sauti ni hewa inayotikisika ndani. Miaka kumi na mmoja kabla yake, Mei 1953, Charlie Parker alipanda jukwaani Massey Hall, Toronto, akiwa na alto aina ya Grafton, ambayo mwili wake ulikuwa wa plastiki. Onyesho hilo bado linasikilizwa kama moja ya maonyesho makubwa ya jazz.

Siri, basi, ni umbo la ndani. Mausipisi nyingi za metali zina dari lililoshuka karibu na ridi na chumba chembamba. Hewa inapita kwa kasi, na sauti inakuwa kali, inayopenya, kama ile ya David Sanborn na Dukoff yake ya metali. Eboniti iliyochongwa hivyohivyo itapenya pia. Dhahabu inayopakwa juu ya shaba inazuia kutu na haisumbui midomo, lakini haiongezi sauti. Faida halisi ya metali ni uimara: inaweza kuchongwa nyembamba ikakaa vizuri kinywani, na ikidondoka haivunjiki kama eboniti, ingawa ncha ikipinda imeharibika.

Hasara zipo pia. Alto tayari ina sauti ya juu, na dari la chini likizidi sauti inageuka kelele. Kibano cha eboniti hakitaitosha metali, kwa hiyo kinunuliwe pamoja nayo.

Nimempigia simu. Baada ya shikamoo na habari za shamba, nimemwambia nitamtumia moja ya metali yenye upenyo wa wastani, kwa makubaliano na muuzaji kwamba inaweza kurudi, na nyingine ya eboniti yenye dari kama hilo. Ajaribu zote mbili nje, kwa ridi yake ileile, mpiga tarumbeta akiwa kando yake na mtu mwingine akisikiliza upande wa pili wa barabara. Huyo wa ng'ambo asiambiwe ipi ni ipi.