Reli ya Kati: ilijengwa kwa mizigo, watu wakaipanda

Waliosafiri kwa treni ya Kigoma wanaijua Saranda. Treni ikianza tu kupunguza mwendo, akina mama wameshajipanga kando ya reli na mabeseni kichwani: wali, kuku wa kienyeji, chai kwenye chupa. Biashara yote hufanyika dirishani. Mkono wa abiria unashuka na noti, mkono wa mama unapanda na sahani, na chenji inarudishwa mbiombio maana honi ikilia hangojwi mtu. Usiku ni hivyo hivyo, ila utaona mianga ya tochi ikikimbia sambamba na behewa mpaka ishindwe.

Walioijenga reli hii hawakumfikiria mama yule. Walifikiria mzigo.

Kabla ya reli, mzigo wa bara ulikuwa mabegani mwa watu. Wapagazi, Wanyamwezi wakiwa wengi wao, walitembea miezi kati ya Bagamoyo na Ujiji, kila mmoja na karibu frasila mbili za pembe, vitambaa au shanga. Wajerumani walipoanza kutandika mataruma Dar es Salaam mwaka 1905, walikuwa wanafuata kwa sehemu kubwa nyayo hizo. Morogoro ilifikiwa 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 reli ikafika Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani. Lakini tazama ilipoanzia na ilipoishia. Haikuanzia Bagamoyo, kwa kuwa Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na bandari ya kina. Haikuishia Ujiji, bali Kigoma, kilomita chache tu pembeni. Miji miwili iliyoishi kwa misafara ikaachwa kando kwa mpigo mmoja, na mpaka leo ukipita Bagamoyo unaiona hasara ile katika kuta za majumba yake ya kale.

Mzigo maarufu kuliko yote uliopita njia hii ulikuwa meli. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo ikapandishwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakiwa wanarudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 ndiyo MV Liemba, iliyowabeba watu wa mwambao wa ziwa kwa vizazi.

Wakati wa Waingereza reli iliendelea kuwa njia ya mali. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928, na pamba ya Kanda ya Ziwa ikapata mlango wa kutokea. Mkonge wa Kilosa na Morogoro ulipakiwa humo, chumvi ya Uvinza vilevile. Wabelgiji nao, kwa mkataba wa 1921, walipewa sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam ili bidhaa za Kongo zipite. Kongo na Burundi bado zinaitegemea njia hii.

Ila reli haibebi mizigo bila watu wa kuifanyia kazi. Makuli, gengi za kukaza mataruma, mafundi wa karakana, stesheni masta: hao ndio waliogeuza chuma kuwa jamii. Septemba 1947 mgomo ulioanza bandarini Dar es Salaam ulipanda bara kwa kufuata reli ile ile, stesheni hadi stesheni. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma tena kwa muda mrefu, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo. Kwa maoni yangu hatujaipa sura hiyo nafasi yake katika historia ya uhuru wetu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ikabaki na Shirika lake la Reli. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Njia ilichakaa, barabara ikanyang'anya mizigo. Ukodishaji kwa kampuni ya RITES ya India ulioanza 2007 haukudumu, na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe yakasomba tuta mara kwa mara. Na hakuna anayeitaja miaka hiyo bila kuitaja Igandu. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni, breki zisishike, ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Dodoma nzima ililia.

Jijini nako reli ilipata kazi mpya. Oktoba 2012 treni za abiria wa mjini zilianza Dar es Salaam, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine kwenye reli ya TAZARA. Watu hawakuhangaika na jina rasmi. Waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, wakapanda kuikwepa foleni.

Sasa kuna reli ya kisasa. Treni za umeme za SGR zilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na Agosti mosi mwaka huo safari za hadi Dodoma zikazinduliwa rasmi: mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, Dar es Salaam hadi Dodoma chini ya saa nne. Nimeifurahia kwa moyo wote. Lakini reli hiyo ina upana wa mita 1.435, na ya zamani ina mita moja kamili, hivyo behewa la huku haliwezi kukanyaga kule. Ujenzi unaendelea kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Mpaka ufike, mwenye gunia lake la dagaa Kigoma anategemea behewa la daraja la tatu, na tuta la Kilosa linahitaji kokoto kila masika. Bajeti ya reli ya zamani isikatwe kwa sababu mpya inang'aa.